Aliyeokota Fimbo

Mama Redio, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anasema yule kijana alipigwa na jua. Anasema jua la siku ile lilimwingia chini ya kofia, likampika ubongo polepole kama yai, akawa haoni wala hasikii, ndiyo maana akaenda kuokota fimbo ya bendi wakati nyuma yake hakuna hata kuku. Anasema alipogeuka alianguka kifudifudi akatoka povu, na mwalimu wa bendi akammwagia ndoo nzima ya maji mbele ya shule. Anaisimulia habari hiyo amefumba jicho moja kama mtu anayelenga shabaha, na wateja wangu wanasahau nguo walizofuata, wanabaki mdomo wazi.

Siku yenyewe Mama Redio alikuwa kwa daktari wa meno, shavu limemvimba kama ameficha limau. Lakini redio haihitaji kuwepo uwanjani ndipo itangaze mpira.

Mimi nilikuwepo. Nilisimama kwenye uzio, nimeshika waya, nikaona kila kitu. Hakukuwa na povu wala ndoo. Na jua nalo halikuwa na kosa. Sijamsahihisha Mama Redio, kwa sababu akiendelea kulilaumu jua, jua halitatoka kwenda kujitetea.

Kibanda changu kinatazamana na geti la shule. Nafua na kupiga pasi. Shule niliishia darasa la saba, na tangu hapo pasi ya mkaa ndiyo kalamu yangu. Nguo zote za bendi huja kwangu: makoti mekundu yenye vifungo vya shaba, suruali nyeupe, glavu nyeupe, kofia zenye manyoya juu. Nguo nyeupe ni mwalimu mkali. Ukiiharakisha unaiunguza, ukiichelewesha inakukaukia na makunyanzi yake. Mimi nimejifunza kuisubiri. Watoto wa bendi wananiita Dada Pasi, na wakija kuchukua nguo hukaa kwenye magunia wakapiga soga kama vile mimi ni kiti.

Mdogo wangu naye yumo kwenye bendi ile. Mama yuko kwa mjomba anamuuguza bibi, kwa hiyo nyumba ni mimi na yeye. Anapiga ngoma kubwa, na shule nzima wanamwita Kishindo, maana mwili wake ni mdogo kiasi kwamba ukimwona kwa mbele unaona ngoma inatembea kwa miguu miwili. Tangu akiwa mdogo alikuwa anashika mpini wa ufagio na kuuongoza ukuta wa jikoni. Kuku, ndoo, kaka wa jirani, wote walishaongozwa na ufagio ule. Alitaka kitu kimoja tu hapa duniani, kushika fimbo ya bendi.

Aliyekuwa ameishika kwa muda ni kijana wa kidato cha juu aliyejiita Meja. Kiongozi wa zamani alihama shule katikati ya mwaka, mwalimu akampa Meja fimbo aishikilie mpaka siku ya kuchagua. Kumpa mtu kitu akishikilie ni kumpima. Wengine ukiwapa mtoto wakushikie, wanamlea. Wengine wanamfinya.

Shule ilipofungua jengo jipya, bendi iliongoza wageni. Mimi nilikuwa nje ya uzio na kapu langu. Meja alitakiwa kuwapeleka kulia, akainamisha fimbo kushoto. Bendi haibishani na fimbo. Wakamfuata wote, tarumbeta zikilia, mpaka nyuma ya jiko la shule, wakabanana ukutani kati ya kuni na moshi, na wageni nao nyuma yao na suti zao. Watu walicheka mpaka mgeni rasmi akatoa kitambaa cha kufutia macho.

Meja hakusema nimekosea. Alisema ngoma kubwa ilimchanganya.

Kiongozi wa bendi ana ruhusa ya kumwadhibu mwanabendi. Jumatatu yake alimwamuru mdogo wangu avae ngoma ile asubuhi na asiivue mpaka kengele ya jioni. Darasani nayo. Kwenye foleni ya chakula nayo. Chooni nayo, mlango haufungiki, rafiki yake mmoja anamshikia kanga kwa nje. Na Meja akawaambia wengine, "Mkimpita, bisheni hodi." Basi wakabisha. Kila aliyepita aligonga ngozi ya ngoma na kuuliza, "Hodi, wenyewe mpo?" Wakubwa kwa wadogo. Hata wale wenzake wa bendi waligonga, kwa sababu Meja alikuwa amesimama pale anatazama nani hagongi.

Nilikwenda kwa mwalimu wa bendi. Akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, bendi ina kiongozi wake. Nikiingilia leo, kesho hawatamtii." Nikamwambia asante. Nikarudi kibandani.

Jioni nilimvua shati mdogo wangu. Mikanda ilikuwa imekula ngozi ya mabega pande zote mbili. Nilimkanda kwa maji ya uvuguvugu, hakulia. Lakini tangu siku ile, mtu akibisha hodi mlangoni kwetu, alikuwa anashtuka mwili mzima, kisha anajifanya anakuna shingo. Mama Redio akija kuomba chumvi, anashtuka. Mwenye nyumba akija, anashtuka. Hodi, neno la heri ambalo kila mtu analo mdomoni, lilikuwa limegeuzwa mwiba ndani ya nyumba yangu.

Mimi sikupiga kelele. Meja alipokuja Ijumaa kuchukua koti, nililikung'uta, nikampa kwa mikono miwili, nikamwambia karibu tena. Nililipiga pasi koti lile kuliko yote. Watu wa namna yake hudhani anayewafulia nguo hana moyo wa kuweka kitu.

Sasa niseme jinsi bendi ile inavyompata kiongozi, maana haifanani na uchaguzi wa kunyoosha mikono. Fimbo inalazwa kwenye nyasi. Wanaoitaka wanasimama mbele, wameitazama fimbo, wameipa bendi mgongo. Ukigeuka umetoka. Kisha bendi inatembea kwa hatua na kila mmoja anasimama nyuma ya anayemtaka. Hakuna anayehesabu kwa sauti, hakuna anayetangaza. Wewe uliye mbele unasikiliza miguu tu. Ukiamini umepata wengi, unakwenda kuiokota fimbo. Ukiwa kweli unao wengi, ni yako mwaka mzima. Ukiwa umekosea, unavua glavu palepale, na kwenye bendi huonekani tena. Mwalimu husema kiongozi wa bendi anatembea mbele ya watu asiowaona, kwa hiyo lazima awajue kwa sikio.

Kuna masharti mawili mengine. Mtu anaweza kuhama nyuma ya mmoja kwenda nyuma ya mwingine mpaka fimbo iguswe. Wanasema mguu haufungwi kabla ya fimbo kuokotwa. Na wanaogombea hawaruhusiwi kupewa ushauri na mtu wa nje. Ikithibitika walipewa, shughuli inarudiwa yote upya.

Mdogo wangu aliandikisha jina. Meja aliandikisha lake. Wengine wote walinywea.

Wiki ile Meja alikuja kibandani akakaa kwenye gunia, miguu kainyoosha njiani.

"Shikamoo Dada Pasi."

"Marahaba, Meja. Koti lako hilo hapo. Nimelinyoosha mpaka likipita karibu na nyanya linaikata."

Akacheka. "Hawa watoto wakija huku wanaongea nini?"

"Wataongea nini zaidi yako? Hata pasi yangu inalijua jina lako."

"Na mdogo wako?"

"Mdogo wangu ana ngoma. Ngoma si fimbo. Nimemwambia anajisumbua, lakini ndiyo hivyo, kichwa chake ukikigonga kwa mchi, unavunjika mchi."

"Mimi sina ubaya naye."

"Najua, baba. Ungekuwa na ubaya naye tungejua." Nilipuliza mkaa ili nisimwangalie. "Ila nina neno moja, kama hutaniona mjuaji."

"Sema tu."

"Siku hiyo utawasikia wamejaa nyuma yako. Usiikimbilie fimbo kama mtu anayegombea kiti cha harusi. Wenye papara ni wasio na uhakika. Wewe simama. Waache wasubiri. Vaa glavu yako vizuri, kidole kimoja kimoja. Itazame bendera kule mbele mpaka uchoke. Ndipo uende. Watakaokuona watasema, huyu alizaliwa nayo."

Alilitazama lile koti. Nikaona kitu kinashuka taratibu ndani ya macho yake kama sukari kwenye chai.

"Kama meja kweli," akasema.

"Kama jenerali."

Kilemba cha ukoka ni kilemba kama vilemba vingine. Mvaaji ndiye wa mwisho kusikia kinavyokauka.

Hao wa bendi sasa. Waliogopa, na walikuwa na haki. Kura ile ni ya wazi. Ukisimama nyuma ya Kishindo halafu Meja akashinda, akigeuka anakuona, na mwaka mzima una maji ya moto mgongoni. Wa kwanza niliyeongea naye alikuwa mpiga tarumbeta mwenye mwanya. Huyo Meja alimvalisha kofia kinyume, manyoya chini, kwa juma zima, kwa sababu ya kupiga chafya kwenye mstari. Wa pili ni binti wa matoazi, ambaye Meja alikuwa anamwita Sufuria mpaka walimu nao wakaanza kuteleza ulimi. Nilikuwa nimewasikiliza kwa muda mrefu, wao na wenzao. Kila mmoja alikuwa na kidonda chake, na kila mmoja alidhani ni chake peke yake.

"Tunampenda Kishindo," binti wa matoazi akaniambia. "Lakini nani aanze? Mimi sitaki kuwa wa kwanza."

"Hakuna atakayeanza," nikamwambia. "Simameni kwa Meja."

"Kwa Meja?"

"Nyote. Tena pigeni miguu mpaka nyasi ziombe msamaha. Ajae. Halafu wewe ukishusha matoazi yako chini, mnahama wote kwa pamoja. Siku hiyo nguo ni za sherehe, mnavaa raba. Raba kwenye nyasi ni paka."

"Na akiiokota kabla hatujahama?"

"Hataiokota haraka."

"Umejuaje?"

"Shika glavu zako, nenda nyumbani."

Alielewa. Alicheka mpaka akakaa juu ya nguo nilizokwisha kunyoosha, ikabidi nizirudie. Mwenye mwanya hakucheka. Aliuliza, "Kishindo anajua?"

"Hajui, na asijue. Uso wake hauna mlango. Kila kilichomo ndani mtu anakiona akiwa barabarani."

Asubuhi ya siku yenyewe mdogo wangu hakula. Nilimfunga mkanda wa koti, nikamwekea kofia sawa. Akaniuliza, "Dada, unadhani watakuja?"

"Wewe simama tu."

"Hata wakija wachache sitaona haya. Nataka tu niwasikie."

Nilimgeuza nikamsukuma taratibu kuelekea getini.

Uwanja ulikuwa umejaa wanafunzi pembeni. Fimbo ilikuwa kwenye nyasi, kichwa chake cha shaba kinang'aa, kamba yake nyekundu imezungushwa vizuri. Mdogo wangu alisimama kushoto, Meja kulia, kati yao nafasi ya kupita gari. Mwalimu alikaa kwenye kiti chini ya ubao wa mabao ya mpira, akainua mkono, akaushusha.

Bendi ilianza kutembea. Safu nzima, kwa mguu mmoja, kishindo kimoja. Walifika mahali pa kugawanyika wakapinda kulia, wote. Wakaja wakajipanga nyuma ya Meja wakapiga mguu wa kusimama kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia hata siku ya mashindano.

Kisha kimya.

Nilikuwa nimelipanga jambo lile kwa subira, nikaliangalia kila upande. Upande mmoja tu sikuwa nimeuangalia. Mdogo wangu naye alikuwa na masikio. Alisikia miguu yote ikienda kwa yule aliyemvalisha ngoma, na nyuma yake akasikia upepo. Hakugeuka. Lakini nilimwona mabega yakishuka, kisha mkono wa kulia ukapanda taratibu kwenye mkanda wa kofia, pale kidevuni. Anayevua kofia amejitoa. Akiivua, Meja anabaki peke yake na fimbo ni yake, wahame wasihame.

Waya ulinikata viganja. Ningeweza kuita. Ningeita, kila kitu kingekwisha, na Meja angekwenda nyumbani na koti langu limenyooka.

Sikuita.

Vidole vyake vilikaa kwenye kifungo cha mkanda. Sijui aliwaza nini. Mama yetu ana ukaidi wa namna hiyo. Ukimwambia ondoka, ndipo anapotafuta mahali pa kuegemea. Mkono ukashuka. Akatazama mbele, mashavu yamelowa, akasimama.

Meja, yeye alikuwa anavaa glavu. Kidole kimoja kimoja. Alikuwa na tabasamu dogo, la mtu anayepigwa picha. Akaitazama bendera. Nyuma yake, binti wa matoazi akainama, akayalaza matoazi kwenye nyasi kama anayelaza mtoto aliyepata usingizi kwa shida.

Wakahama. Sijawahi kuona watu wengi wakitembea kwa ukimya namna ile. Wenye ngoma ndogo walizikumbatia zisigongwe na magoti. Kifungo cha mmoja kiligonga tarumbeta ya mwenzake, ti, na nikaona kichwa cha Meja kikicheza kidogo. Kisha tabasamu lake likapanuka. Alidhani wanatapatapa kwa hamu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alikwenda. Hatua ndefu, za polepole, kama nilivyomfunza. Aliinama, akaishika fimbo, akainyanyua juu mpaka kamba ikacheza, akageuka kwa saluti.

Niliutazama uso ule kama mtu mwenye njaa anavyotazama chungu kilichochelewa kuiva. Kwanza macho yalitafuta karibu. Kisha mbali kidogo. Kisha yakaenda upande wa mdogo wangu, yakawaona. Mkono wa saluti ukabaki pale kwenye paji la uso umesahauliwa. Mbele yake palikuwa na nyasi zilizokanyagwa na jozi ya matoazi. Nilikula nikashiba. Siwezi kusema vinginevyo, na simwombi mtu radhi.

Ndipo mwenye mwanya, kwa sauti ya chini kabisa, akasema, "Hodi. Wenyewe mpo?"

Bendi yote ikaangua kicheko, na wanafunzi pembeni wakadakia. Hodi, hodi, uwanja mzima.

Mdogo wangu alishtuka. Mwili mzima, kama siku zote. Akageuka, akawakuta wamejaa nyuma yake wanacheka, wengine wameshikana mabega. Aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akanyanyua macho juu ya vichwa vyao akatazama moja kwa moja kwenye uzio, akaniona.

Mwalimu alisimama. "Vua glavu," akamwambia Meja. Meja akavua, kidole kimoja kimoja, maana zilikuwa zimembana. Fimbo ikaenda kwa mdogo wangu.

Nilidhani yameishia hapo. Jioni ile nilipika mapema, nikamwekea kiti kizuri. Aliingia na fimbo, akaiegemeza kwenye kona ya mlango kama watu wanavyoegemeza mwavuli, akala akamaliza, akaosha sahani yake na yangu. Akaniuliza jambo moja tu.

"Kati yao, ni nani aliyekuja kwa sababu yangu?"

"Wote."

"Wote walikuja kumcheka yeye. Hayo ni mambo mawili, dada."

Nikamwambia akalale, atanishukuru asubuhi.

Hakunishukuru. Bendi ilipoanza mazoezi na fimbo yake, nilikuwa nasikia kutoka kibandani. Walikuwa wanachelewa kuanza. Wanasimama kabla hajaamuru. Alipomwambia mpiga ngoma ndogo arudie, yule mtoto alimjibu kwa utani, lakini ni utani wenye mfupa, "Taratibu, kiongozi. Bila sisi ungekuwa wapi?" Mwenye mwanya alikuwa anamkonyeza kila akipita, kama mtu aliyemkopesha kitu. Hata binti wa matoazi, ambaye ana roho nzuri, alikuwa anamwita Mtoto wa Dada Pasi. Mdogo wangu aliinua fimbo mara nyingi alasiri ile. Waliifuata pale walipopenda.

Mimi niliwaambia wakija kuchukua nguo, "Mtiini mwenzenu." Wakaniambia, "Sawa, kamanda." Waliniambia mimi.

Na Meja nilikuwa namwona. Alikuwa anapita upande wa pili wa barabara, amevaa shati la kawaida lisilopigwa pasi, akisikia tarumbeta anaongeza mwendo. Mama Redio akimwona anamwita, "Mwanangu, vaa kofia, jua hili." Nilikuwa nafurahi. Kila akipita nilikuwa nafurahi upya, kama mtu anayeonja mchuzi ule ule.

Jana alasiri nilikuwa nanyoosha suruali nyeupe mlango ukawa na kivuli. Mdogo wangu aliingia bila kubisha hodi. Nyuma yake, kwenye kizingiti, alisimama Meja.

"Karibuni," nikasema, kwa mazoea ya mdomo.

Meja hakukaa kwenye gunia. "Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Nimemwambia mwalimu kwamba uliniambia nisubiri. Hakuniamini. Amesema kila anayeshindwa ana hadithi."

"Mwalimu ni mtu mzima."

"Sitaki fimbo," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea. "Nataka kurudi tu. Hata nibebe matoazi. Nyumbani bado hawajui, kila siku ya mazoezi nakaa nyuma ya maktaba mpaka yaishe."

"Mdogo wangu alikaa na ngoma mpaka jioni. Hakuwa na maktaba ya kujificha."

"Nimeshamwomba msamaha."

Nikamtazama mdogo wangu. Akatikisa kichwa kukubali. "Ameniomba. Mbele ya wapiga ngoma ndogo wote, leo asubuhi. Hakuna aliyemtuma."

"Kwa hiyo umemsamehe."

"Hilo ni langu na yeye, dada. Mimi nimekuja kwa jingine." Alikuja akasimama upande wa pili wa meza, karibu kiasi kwamba joto la pasi lilikuwa linampanda usoni. "Ulimshauri yeye. Uliwapanga wao. Mwalimu akilisikia kutoka mdomoni kwako, shughuli inarudiwa, na huyu anarudi kwenye bendi."

"Na ukishindwa?"

"Nitashindwa."

"Huyu atashinda. Watamwogopa tena, watapiga miguu nyuma yake, safari hii hawatahama. Utamtazama akiokota fimbo yako, halafu Jumatatu atakuvalisha ngoma."

"Labda."

"Nilimngoja huyu mtoto kwa muda mrefu kuliko unavyojua."

"Ulimngojea wewe. Mimi ndiye niliyesimama pale nikisikia hakuna mtu nyuma yangu." Hakupandisha sauti. "Siku ya ngoma walinigonga, dada, lakini niliwajua. Siku ile ya fimbo sikumjua hata mmoja. Na mpaka leo siwajui. Natembea mbele yao, nasikia miguu, sijui ni ya nani."

Meja alikuwa anatazama sakafu. Ningemwambia atoke. Ningemwambia yote niliyokuwa nimeyaweka tangu jioni ile ya maji ya uvuguvugu, na yalikuwa mengi, yamekunjwa vizuri. Lakini mdogo wangu alikuwa amesimama kati yetu, na sikuweza kumfikia Meja bila kumpitia yeye.

"Mwalimu yumo ofisini bado," akasema. "Sikwambii uombe radhi. Sikwambii useme ulikosea, najua huoni hivyo. Useme tu ulichomwambia huyu, na ulichowaambia wale, kama kilivyokuwa. Halafu urudi na kazi zako."

Nikageuza suruali upande wa pili.

"Dada. Nakuomba. Twende sasa hivi, kabla hajafunga."

Alikuwa ameninyooshea mkono juu ya meza, kiganja wazi. Kupitia mlangoni, ng'ambo ya barabara, nilimwona mwalimu wa bendi akivuta madirisha ya ofisi yake ndani, moja baada ya jingine.